Tulivyopewa nyumba za bustani Same, tukawa tunaingilia dirishani

Wakuu, wengi humu ni wajukuu zangu, kwa hiyo marahaba hata kabla hamjaniamkia.

Nimeona mnavyobishana kuhusu miji mipya yenye bustani, eti ndiyo dawa ya uhaba wa nyumba. Mimi niliishi kwenye mmoja, pale Same, enzi za Mwingereza. Nikiongopa, bando liniishie katikati ya sentensi.

Nilikuwa nimeolewa mlimani, Vudee. Mashamba yalishagawanywa mpaka yakaisha, hivyo mimi na mume wangu Elineema tulibanana kwa mama mkwe. Ukuta wa fito tu ndio ulitutenga naye. Kila tulichonong'ona usiku, asubuhi alikijibu.

Nilitaka nyumba yangu jamani, hata kama ni kibanda.

Serikali ikajenga makazi mapya huku tambarare. Mzungu aliyechora ramani tulimwita Bwana Bustani. Kila nyumba mlango mmoja mbele, dirisha kubwa nyuma. Tukapewa yetu. Nilishuka mlima nikiimba.

Kufika, nikautua mzigo njiani. Bwana Bustani alikuwa amepanda mimea ya masale mstari mzima, mbele ya milango yote, bila kuacha upenyo. Aliyapenda kwa sababu yanavumilia jua.

Kwa msio wa huku: kwetu Upareni sale ni mpaka. Aliyelipanda ndiye anayeling'oa, tena mbele ya mashahidi. Ukilivuka, umeingia kwa mtu bila hodi.

Basi wote tukaelewa kitu kimoja. Mzungu amebaki na mbele, sisi katupa nyuma.

Tukahamia kwa kupitia dirishani. Kitanda dirishani, magunia dirishani. Hata mchungaji aliyekuja kubariki nyumba alipita hapo hapo na joho lake, tukamsukuma kwa heshima.

Elineema akaenda kumwona Bwana Bustani.

"Bwana, tunaomba utung'olee masale. Ni mpaka."

"Mafupi haya. Vukeni tu," akasema, akayavuka mwenyewe, kwenda na kurudi, kutuonyesha.

Sasa mtu kuvuka mpaka wake mwenyewe kuna ajabu gani?

Ndipo wakubwa wakaja kukagua. Ilishasemwa kwamba asiyejua kuitumia nyumba atarudishwa mlimani. Sikula siku hiyo. Nilijiona nimerudi kwenye ule ukuta wa fito.

Tukaitwa tutoke. Tukatoka, mguu mmoja mmoja, nguo za kanisani, madirisha yote kwa pamoja.

Mkubwa wao akauliza hii ni nini. Bwana Bustani, jasho likimtoka, akajibu kwamba ndiyo mila yetu, na yeye amechora nyumba kwa kuiheshimu.

Mkubwa akampa mkono. Nyumba zilizofuata zikajengwa bila mlango kabisa.

Mama mkwe akaja kututembelea. Akaja kwa nyuma, akalitazama dirisha, akayatazama magoti yake.

"Mwanangu, nitaingiaje humu?"

"Karibu sana mama. Njia ndiyo hiyo."

Akakaa nje, nikampitishia chai. Nilimwonea huruma, siwafichi. Lakini alipoondoka nikalifunga lile dirisha kwa ndani, kwa mkono wangu, nikalia kwa furaha.

Funzo: kabla hujamchorea mtu bustani, muulize mpaka wake uko wapi. Ila na wewe uliyepewa nyumba, usiwe mwepesi wa kulalamika. Dirisha langu lilinifaa kuliko milango ya watu.

Nyie mnaokaa na wakwe, semeni ukweli. Mngepewa ile nyumba mngeikataa?