Makochi ya Mama Vitambaa

Nyumbani kwa Mama Vitambaa hakuna kitu kilichoachwa uchi. Redio imevaa, televisheni imevaa, hata rimoti ina kigauni chake. Makochi ndiyo usiseme: mgongoni kitambaa, mikononi vitambaa, vyote amevifuma mwenyewe kwa uzi mweupe na kuvipiga pasi mpaka vinasimama. Pasi ndiyo kazi yake. Kutwa anapiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, na jioni akirudi miguu inawaka moto. Kwa hiyo kukaa, kwake yeye, si jambo la mchezo. Aliyekuja kwako akakaa ndiye aliyekutembelea. Wengine wote wamepita njia.

Hapo ndipo penye ugomvi wake na mdogo wake, ingawa mdogo mtu hana habari kama kuna ugomvi. Huyu bibi ameolewa pazuri. Ana gari lake, ananukia tangu nje, na kila akija kwa dada yake huwa mguu ndani mguu nje. "Sikai, dada, nimepita tu." Anaacha mfuko wa matunda mlangoni, anayatupia jicho makochi, analitazama gauni lake, huyo, keshaondoka. Miaka nenda miaka rudi hajawahi kukaa. Mama Vitambaa humtetea kwa majirani kwamba ana shughuli nyingi, kisha hufunga mlango akalia kidogo.

Basi binti mmoja msanii, mgeni wa pale kazini, alimfuata nyumbani kuchukua nguo zake alizompa azipige pasi. Alipoyaona makochi macho yalimtoka. Akaomba ayaazime, ayapeleke kwenye maonyesho katika jumba la sanaa ya kisasa.

"Watakuja kuyaona watu wakubwa, mama."

Kichwa kikamvimba Mama Vitambaa palepale. Lakini hakuwawaza watu wakubwa, alimuwaza mtu mmoja tu. Mdogo wake akiyaona makochi yameheshimiwa na wenye maana, naye atayaheshimu, na siku hiyo atakaa. Akavifua vitambaa upya, akavipiga pasi, makochi yakachukuliwa, na tangu siku hiyo akawa anakula chakula chake juu ya mkeka bila kunung'unika.

Siku ya ufunguzi alimwalika. Mdogo mtu, ambaye kwa dada yake hapati nafasi hata ya kunywa maji, alifika kabla ya mlango kufunguliwa.

Wakaingia. Chumba cha kwanza kilikuwa na turubai jeupe lisilochorwa kitu, na watu wamelizunguka kimya kama ndugu wanaomsubiri daktari atoke. Chumba cha pili kilikuwa na rundo la matairi yanayokoroma kwa kipaza sauti. Mama Vitambaa alijikaza. Hakuja kwa ajili ya matairi.

Chumba cha tatu akayakuta makochi yake, yamefungiwa ndani ya kamba. Vitambaa vimevurugwa, kimoja kimetupwa sakafuni, na kila mahali pamemwagwa vumbi, tena vumbi la makusudi. Ukutani kibao kimeandikwa: UKOSEFU.

"Ukosefu wa nini?" aliuliza. "Seti si hiyo, imetimia?"

"Ni ukosefu wa ndani, mama," msanii alijibu kwa sauti ya mtu anayemlaza mtoto. "Kochi linatuuliza: ni nani hayupo?"

Bwana mmoja mwenye miwani akatikisa kichwa kwa uchungu, ingawa kochi halikuwa limemuuliza yeye. Mama Vitambaa ndiye aliyechomwa, maana jibu alikuwa nalo, na limesimama pembeni yake linajipaka rangi ya mdomo.

Akapiga moyo konde. Akainua kamba, akaingia, akakung'uta vumbi, akanyoosha vitambaa kimoja kimoja, kisha akajikalia mahali pake pa siku zote. Mlinzi akaja mbio.

"Mwache!" msanii alimzuia, machozi yanamlengalenga. "Kazi imepata uhai!"

Simu zikainuliwa chumba kizima.

"Njoo ukae, mdogo wangu," Mama Vitambaa aliita.

Mdogo mtu alilitazama kochi, akalitazama gauni, akazitazama simu. Simu zikashinda. Akaja, akakaa, akapanga miguu, akaegemeza kichwa begani kwa dada yake na kutabasamu. Mama Vitambaa alijua fika kilichomkalisha. Hata hivyo alifurahi, akamshika mkono na kuubana.

"Unalionaje?"

"Laini kweli, dada."

Juisi ikatangazwa chumba cha pili. Simu zikashuka, watu wakahama, na mdogo mtu akainuka hapohapo, akajikung'uta nyuma ya gauni.

Msanii akarudi anahema. Kazi imekuwa kubwa zaidi wakiwamo wote wawili, alisema. Je, hawawezi kuja kukaa kila Jumamosi mpaka maonyesho yaishe?

"Tutakuja!" mdogo mtu alidakia. "Kila Jumamosi, sikosi."

"Mimi siji," Mama Vitambaa alimwambia msanii. "Anayetaka kukaa na mimi, kwangu anapajua. Mwanangu, nitafutie pikapu. Makochi yanarudi nyumbani."

Msanii alibembeleza, wenye jumba wakang'aka, na mlinzi ndiye aliyesaidia kubeba. Mama Vitambaa akapanda mbele, pembeni ya dereva. Gari la mdogo wake likawafuata nyuma, na njia nzima dada mtu alikuwa anakitazama kioo cha pembeni. Walipofika njia panda, pikapu ilishika njia ya kwake. Gari la nyuma likapiga honi ya kuaga, likakata kona kwenda kwao.

Punde simu ya Mama Vitambaa ikalia. Mdogo wake alikuwa ameirusha picha mtandaoni na kumtumia na yeye: wawili kochini, kichwa begani, mkono mkononi. Ilikuwa picha nzuri sana. Mtu asiyewajua angesema hawa ndugu hushinda pamoja.