Ngwe ya Sikuzani

Hasira za Sikuzani hazikuanzia mkutanoni. Zilianza siku mimba yake ya tatu ilipozikwa nyuma ya nyumba, ikiwa ya miezi mitano kama mbili zilizotangulia, na mama mkwe wake, Bibi Joha, akasema tatizo ni uvivu. Kwao mjamzito hulima mpaka siku ya uchungu, eti mtoto asinenepe akakwama. Sikuzani alikuwa amelima na mimba zote tatu. Alitaka alime vipi zaidi?

Ya nne ilipoingia, alimkokota mumewe, Mwinshehe, mpaka hospitali Morogoro. Daktari akamweleza kwamba mlango wa kizazi chake ni dhaifu, mtoto akizidi uzito unafunguka kabla ya wakati. Akaushona kwa uzi. Kisha masharti: asilime, asibebe maji wala kuni, asilale na mume, apumzike mchana, na akiona damu au maji yanamtoka arudi upesi. Mwezi wa tisa uzi ungekatwa.

Masharti mepesi hayo, kwa asiyeishi na watu. Walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa karibu na Magole, na kila mtu alipimiwa ngwe yake katika shamba la kijiji. Ngwe ya Sikuzani ikaota magugu. Mwinshehe alimtekea maji kwa kujificha, wanaume wenzake wasimcheke, lakini kulima ngwe mbili kulimshinda. Na mimba haitangazwi, sembuse mahali iliposhonwa.

Mkutanoni, balozi wa nyumba kumi, Filipo, akasimama.

"Ndugu wanakijiji, humu tunaye kupe. Sisi tunatoka jasho, yeye mchana kalala. Kesho Sikuzani asipoonekana shambani, duka la kijiji halimuuzii hata chumvi!"

Watu wakacheka. Mwinshehe akainamisha kichwa, na hapo ndipo damu ilipomchemka mkewe.

"Shikamoo, Ndugu Balozi."

"Marahaba."

"Nimezika watatu. Wa nne yumo tumboni, na nimeshonwa mlango wa kizazi kwa uzi asitoke. Nikishika jembe uzi ukakatika, nitakuletea wewe maiti yake. Utaipimia ngwe?"

Maneno kama hayo hayasemwi mbele ya wanaume, achilia mbali mbele ya mama mkwe. Bibi Joha alijifunika kanga usoni akaondoka.

Asubuhi Sikuzani alichungulia mlangoni akamwona kikongwe yule kwenye ngwe yake, analima kwa ghadhabu, madongo yanaruka. Tangu siku hiyo Bibi Joha hakumsemesha. Hata shikamoo yake hakuiitikia. Lakini ngwe ilikuwa safi na mtungi haukukauka. Sikuzani naye hakuomba radhi. Alilala mkekani amenuna, mkono juu ya tumbo, mwezi wa tano ukapita, na wa sita, na wa saba.

Uzi ulikatwa Morogoro mwezi wa tisa. Akajifungua msichana mwenye sauti ya kugombana.

Aliporudi, Bibi Joha alimpokea mtoto bila neno, akamkagua vidole.

"Shikamoo, mama," Sikuzani akasema.

Bibi Joha akahamia vidole vya miguu.

"Marahaba," akaitikia hatimaye, kwa shingo upande. Kisha akamwinamia mjukuu wake. "Mama yako hana haya kabisa. Nawe usije ukawa nayo."