Pamba Aliyoikataa Baba

Miaka ya tisini baba alikuwa daktari wa mifugo, akizunguka vijiji vya Oyugis kwa pikipiki. Aliitoa sailensa kwa makusudi, ili wafugaji wasikie mlio kutoka mbali na kuleta ng'ombe barabarani wachanjwe. Mama alimpa pamba ya kuziba masikio. Akakataa, eti atasikiaje watu wakimwita njiani. Ubishi huo unaniudhi mpaka leo. Polepole masikio yake yakafa.

Asubuhi mama alipofariki chumbani, tulipiga nduru, majirani wakaja mbio kutoka kila upande. Baba alikuwa uani akiosha pikipiki. Alipowaona wakiingia kwetu, aliweka kitambaa chini, akamwuliza mmoja wao ni nani amekufa.