Ngozi ya Madoa

Usiku ule nilikuwa nimefika Tukuyu bila kupanga. Nilitoka Mpanda siku mbili nyuma, na begi moja mkononi na ahadi ya kibarua upande wa pili wa mpaka, ambako walikuwa wanatandaza mabomba ya maji. Basi la kwanza lilitulaza Sumbawanga. La pili lilitushusha Mbeya jioni ya siku iliyofuata, tukiwa na vumbi hadi ndani ya masikio. La tatu, kesho yake, lilipaswa kutufikisha mpakani Kasumulu, lakini mvua ilianza tulipoanza kupanda milima, na tulipofika Tukuyu dereva akazima injini. Kondakta alishuka, akazungumza na watu, akarudi na habari kwamba udongo umeporomoka barabarani huko mbele. Tulale, asubuhi tutaondoka.

Abiria walinung'unika. Mimi nilishusha begi langu. Miji ambayo basi lingeweza kukwamia ni mingi, lakini lilikwamia katika mji ambao nilikuwa nimeukwepa kwa miaka kumi na minane.

Nilichukua chumba katika nyumba ya wageni karibu na stendi. Dada wa mapokezi aliponiletea ndoo ya maji ya moto, nilimwuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua: Mama Atu wa intaneti bado yupo?

"Mama Atu alishatangulia, kaka," akasema. "Mwaka wa tatu huu."

Aliona uso wangu, akanipa pole. Akaniambia intaneti ilifungwa zamani, na kwamba binti yake, Atu, anauza mbegu na mbolea katika chumba kilekile. Nilimshukuru. Nilioga, nikalala bila kula. Mvua juu ya bati ilikuwa na sauti ileile.

Nilipofumba macho, mvua ikakatika na ikawa saa tisa mchana.

Natembea kwenye barabara ya kutoka stendi kupanda juu. Nimevaa buti za kuchimbia mitaro ambazo nilizitupa Kahama miaka mingi iliyopita, na zina tope jipya. Mlango ni uleule, na pazia lake la shanga za plastiki. Ndani kuna kompyuta sita na harufu ya karanga za kuchemsha. Mama Atu amekaa kwenye kompyuta namba moja, sweta ya kijani juu ya kitenge, miwani imefungwa kwa kamba ya kiatu. Nilijua kwamba amekufa. Hilo halikunisumbua hata kidogo. Kilichonisumbua ni tope langu kwenye sakafu yake.

"Umechelewa, baba," akasema bila kugeuka.

Ndivyo alivyokuwa akiniita, baba, ingawa alinizidi miaka ishirini na zaidi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipomjua. Nilikuja Tukuyu na kampuni ya mabomba, mtu wa Kondoa nisiyejua mtu hata mmoja, na jioni ya kwanza niliingia kwake kukwepa baridi. Nikamkuta mjane mzima amekazia macho skrini, anamlisha mnyama wa rangirangi.

Ulikuwa mchezo wa mtandaoni ambamo watu wa nchi zote hukutana. Kila mchezaji hutembea na mnyama mwenzi. Huanza na yai. Linapoanguliwa unamlisha, unasafiri naye, unapigana pamoja naye, naye anakua. Akifika kiwango fulani anageuka: huota mabawa, au pembe, au gamba, kwa kadiri ulivyomlea. Akishageuka harudi alivyokuwa. Tena kuna sharti moja. Kabla ya kugeuka unaweza kumhamishia mchezaji mwingine, lakini akishageuka amefungwa kwa yule aliyekuwa naye saa hiyo, hata milele.

Wanafunzi wa chuo ndio waliomfundisha Mama Atu mchezo huo. Wao walitaka vita na ushindi, wakachoka, wakahama mji. Mama Atu hakutaka vita. Alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa nyuma ya nyumba, na aliufuata mchezo kama alivyowafuata hao, asubuhi na jioni, bila kuruka siku. Fundi Angetile, mshona nguo wa mlango wa pili, alikuwa hapiti bila kuchungulia.

"Mama Atu, hao wa kwenye kioo leo wametoa lita ngapi?"

"Nyingi kuliko suruali ulizomaliza tangu Pasaka," alijibu, na wateja wakacheka mpaka karanga zikamwagika.

Mwezi wa tatu wa urafiki wetu alinifungulia akaunti, akanihamishia mnyama wake mdogo aliyeitwa Madoa. Alikuwa kitu kati ya ndama na kinyonga, mkia umejikunja, mwili mzima madoa yanayobadilika rangi akishiba. Nilidhani ni zawadi. Akaniambia si zawadi, amenifugisha. Kwao, alieleza, mtu hawaweki ng'ombe wake wote katika zizi moja. Mmoja anampeleka kwa rafiki wa kijiji kingine. Rafiki anakunywa maziwa, na ng'ombe akizaa sana rafiki anapewa ndama, lakini mnyama ni wa mwenyewe. Mfugaji analeta habari za kila kitu, za ugonjwa na za uzao. Mnyama akifa, mfugaji analeta ngozi, mwenyewe aione kwa macho yake. Hivyo vijiji viwili vinakuwa na sababu ya kutembeleana.

Chochote ambacho Madoa angeshinda kingekuwa changu. Sharti la Mama Atu lilikuwa moja tu: siku ya kugeuka, na yeye awepo.

Nilimwuliza kwa nini amempa mtu wa kuja na kuondoka, ambaye hata kitanda hana. Alisafisha miwani kwa ncha ya kitenge, akasema, "Mtu mwenye mnyama wa watu hapotei."

Sasa katika ndoto anasimama, anapita katikati ya kompyuta, na mimi namfuata. Hatukupita mlangoni. Tulitokea tu malishoni, nyuma ya nyumba, kwenye majani yenye maji. Ng'ombe wake wawili wako pale, na katikati yao wanyama wote wa kwenye kioo wanalisha, wenye mabawa na wenye gamba, na kuku wanapita chini ya matumbo yao bila woga. Mama Atu ana chumvi kiganjani. Anaita jina, mnyama anakuja, analamba, anaondoka. Anaita lingine. Hakuna haraka yoyote. Nilitamani aendelee kuita majina mpaka jioni, ili asilifikie lile.

"Madoa," akaita.

Majani yakatulia. Akaita tena, kwa sauti ileile, hakuipandisha. Kisha akafuta chumvi kwenye kitenge na kuninyooshea mkono mtupu.

"Ngozi iko wapi?"

Nikafungua begi langu. Ndani mlikuwa na kila kitu cha miaka hiyo kumi na minane. Tiketi za Kigoma, za Tunduru, za Masasi. Funguo za vyumba nilivyopanga na kuviacha. Kofia ngumu ya mgodini. Nusu ya kitana. Nilitoa kimoja kimoja na kukilaza kwenye majani, na yeye alisubiri kwa adabu, kama unavyomsubiri mgeni anayetafuta kitambulisho. Ngozi haikuwamo.

Niliyoyafanya niliyajua, hata usingizini.

Mama Atu alikwenda Kyela kwenye msiba wa kaka yake, akaniachia ufunguo wa intaneti kwa siku tatu. Siku ya tatu alasiri, hakuna wateja, nilikuwa ndani ya mchezo na Madoa. Tulishinda pambano ambalo sikutegemea, na kisanduku kikatokea kwenye skrini: Madoa yuko tayari, ageuke? Kulikuwa na majibu mawili, ndiyo na bado. Wachezaji waliokuwa karibu nami mchezoni, watu wa nchi nisizozijua, walikusanyika kutazama na kunihimiza. Nilijua nibonyeze lipi. Mama Atu angerudi kesho yake. Ilikuwa kusubiri usiku mmoja tu, nami maishani sikuwahi kuwa hodari wa kusubiri.

Nikabonyeza ndiyo. Akang'aa, akalia, akaota mabawa. Madoa yakanyooka juu ya mabawa kama kanga iliyoanikwa. Sijaona kitu kizuri namna ile. Kisha nikakumbuka lile sharti la mchezo, nikajaribu kumrudisha kwenye akaunti ya Mama Atu, na mchezo ukakataa. Nikajaribu mara ya pili. Amefungwa kwangu.

Leo naweza kucheka. Siku ile sikucheka. Nilijiona kama mtu aliyechinja ng'ombe wa rafiki aliye msibani. Asubuhi nilimwachia Fundi Angetile ufunguo, nikamwambia nimeitwa Mbeya mara moja, nikaenda stendi na begi langu. Kazi ya mabomba ilikuwa imebakiza miezi miwili. Sikurudi kuimalizia.

Miezi baadaye, huko Sumbawanga, nilifungua mchezo. Nilikuta ujumbe wake mmoja. Aliandika: Madoa hajambo? Na wewe je? Niliusoma, nikafunga, sikufungua tena. Baadaye nikasikia mchezo wenyewe umezimwa na waliouunda, na vyote vilivyokuwa ndani vimekwenda.

Na ndoto haikuniruhusu kubaki malishoni. Nilipoinua kichwa kutoka kwenye begi, tulikuwa stendi, na ilikuwa asubuhi ile niliyoondoka. Ukungu uleule, muuza ndizi wa kuchoma yuleyule anapuliza mkaa wake. Basi la Mbeya limewashwa. Siku ile nilikaa kwenye benchi peke yangu. Sasa Mama Atu amekaa kando yangu na kikapu cha msibani miguuni, maana siku ile ndiyo alikuwa anarudi kutoka Kyela. Tulipishana kwa saa mbili tu. Hilo sikuwahi kulifikiria mpaka usingizini.

Kitu kinatembea ndani ya ukungu, kinakuja taratibu. Ni Madoa. Amekuwa mkubwa kuliko fahali, mabawa ameyakunja kwa tahadhari asiangushe sufuria za watu. Amefungwa kwangu, mchezo ulisema. Lakini amenipita, amekwenda moja kwa moja kwa Mama Atu, na kulaza kichwa mapajani mwake.

"Hakufa, mama," nikasema. "Aligeuka. Hukuwepo, nami sikukusubiri."

Alipapasa mabawa, akaanzia kwenye bega mpaka kwenye ncha, kama anayepima kitambaa. Nilisubiri anigombeze. Nilitaka anigombeze.

"Alilia?" akauliza.

"Alilia mara moja. Kama ndama aliyeitwa na mama yake."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Nikaona ameridhika, sawasawa na alivyokuwa akiridhika ng'ombe akizaa salama. Akaniuliza mabawa yalitokea upande upi kwanza, nikamweleza. Akauliza kama alikula baadaye, nikamwambia alikula, tena kutoka mkononi. Nilimweleza yote ambayo ningemweleza siku ile kama ningekaa saa mbili zaidi kwenye benchi. Halikuwa jambo refu. Muuza ndizi alikuwa hajageuza hata upande wa pili.

Kondakta akapiga ubavu wa basi. Mguu wangu uko kwenye ngazi, sijui umefikaje. Siku ile nilipanda na sikutazama nyuma, na ndiyo siku niliyoondoka Tukuyu moja kwa moja. Hata mara hii niliyorudi, ni barabara iliyonirudisha, si mimi. Mama Atu hakunishika mkono. Alibaki amekaa, kichwa cha Madoa mapajani, akasema kwa sauti ya mtu anayekumbusha chumvi ya kununua:

"Atu bado anajua tuna mnyama kwa watu. Kampe habari."

Nikataka kumjibu. Basi likaondoka, ukungu ukawafunika wote wawili, na nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mvua imekwisha, maji yanadondoka kutoka kwenye bati. Stendi basi letu lilikuwa linapiga honi, na kondakta anapita milangoni kuwaambia watu barabara imefunguliwa. Nilivaa, nikachukua begi. Lilikuwa jepesi kuliko la ndotoni.

Dada wa mapokezi alinipokea ufunguo, akaniambia nikimbie, wananisubiri mimi tu. Nilimwambia awaambie waende. Akaniuliza kama nimeghairi safari.

"Nina habari ya mnyama wa watu," nikasema. "Hiyo ifike kwanza."

Nikatoka. Nikaipa stendi mgongo, nikapanda mlima kwenda duka la mbegu, huku nikiirudiarudia ile habari mdomoni isije ikanipotea njiani, kama mtoto aliyetumwa dukani: hakufa, aligeuka, alilia mara moja.