Alama ya Vema kwenye Daftari la Alois

Mwalimu Jafeti Mwaisumo alikuwa na kanuni moja ambayo kila aliyepita darasani kwake aliijua: kosa ambalo mwalimu ameliona akaliacha bila kuligusa, kuanzia hapo ni kosa la mwalimu. Aliitamka siku ya kwanza ya kila mwaka, kalamu nyekundu mkononi, kama shahidi anayeapa. Kwa miaka kumi na minne alifundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari mjini Sumbawanga, na kwa miaka hiyo yote hakuna daftari lililotoka mikononi mwake likiwa na kosa alilolijua lakini halina alama. Wanafunzi walimlaumu kwa ukali. Kwa uvivu au upendeleo hakuna aliyeweza kumlaumu. Kanuni hiyo aliivunja mara moja tu, Jumamosi ya mwisho ya Agosti, kwenye daftari la mtu aliyemwokolea ng'ombe.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa maziwa, wa pekee, akifugwa nyuma ya nyumba ya Jafeti pale Chanji. Januari ya mwaka huo, katikati ya mvua, alishindwa kuzaa kwa kuwa ndama alikuwa amekaa vibaya tumboni. Alois, afisa mifugo, mzaliwa wa Mollo, alifika na pikipiki akiwa amelowa mpaka soksi. Alivua koti, akajipaka sabuni mkono mzima hadi begani, akalala kwenye tope la zizi zaidi ya saa nzima. Ndama akatoka hai. Suma, mkewe Jafeti, alileta maji ya moto na chai, na Jafeti akauliza walichopaswa kuuliza.

"Sasa, Daktari, tukupe nini?"

"Nina shida moja, Mwalimu, wala si ya mfukoni," Alois akasema. "Kuna chuo cha nje kimenikubali kusomea magonjwa ya mifugo, na mfadhili yupo. Wanachotaka ni mtihani wa Kiingereza. Kusoma naweza, kusikiliza nitajikaza. Kuandika ndiko kunakoniua. Insha na barua."

"Barua? Kwani kazini huandiki?"

"Naandika za kuombea chanjo. Hazijibiwi."

Walicheka, wakapatana kukutana kila Jumamosi alasiri. Chuo kilitaka alama sita na nusu kati ya tisa katika kuandika, na kilikubali kumshikia Alois nafasi mpaka mwisho wa Oktoba, si siku moja zaidi.

Barua ya kwanza aliyopewa kuandika ilikuwa ya kulalamikia kampuni ya mabasi iliyopoteza mzigo. Alois aliwaza mzigo wa dagaa kutoka Kirando, akaandika nusu ukurasa mzima akimjulia hali meneja wa kampuni, mke wake, watoto wake, na mavuno ya kwao yalivyokwenda. Dagaa walitokea karibu na jina la mwandishi. Jafeti alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Daktari, umepoteza mzigo au umekwenda kuposa?"

"Sasa nitaanzaje kumweleza mtu mzima habari za dagaa kabla sijamjulia hali?"

"Huko mtihanini heshima ni kutompotezea mtu muda wake. Sema haja yako mstari wa kwanza." Akayaandika maneno hayo pembeni kwa wino mwekundu, akapiga mstari chini yake mara mbili.

Insha nazo zilikuwa na ugonjwa huohuo. Akiulizwa kama vijana wabaki shambani au waende mjini, Alois aliweka kwanza maneno ya wazazi, kisha ya serikali, kisha ya vijana wenyewe. La kwake alilihifadhi mpaka sentensi ya mwisho, kama mtu aliyekaa kwenye baraza la ukoo akingoja wakubwa wamalize. Jafeti aliandika: "Na wewe unasemaje? Sema mapema, kisha ututhibitishie." Aliandika hivyo Februari, akaandika tena Machi. Kufika Mei hakuwa na sababu ya kuandika.

Alois alikuwa amegundua jambo. Alianza kuandika kama anavyotibu: kwanza aone panapouma, aseme panauma wapi, ndipo aeleze dawa. Kiingereza chake kilikuwa cha maneno madogo, na hapa na pale kilichechemea, lakini msomaji hakupotea njia. Jafeti aliona fahari. Mwezi huo fahari hiyo ilikuwa safi bado, na haki inataka tuiseme.

Aliyeichafua ni Godbless, mwalimu wa historia, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. Siku moja ofisini kwa walimu, wakati wa chai, alisema, "Nasikia bwana mifugo anapanda ndege kwa Kiingereza chako."

"Kwa Kiingereza chake," Jafeti akajibu.

"Haya. Basi akifika ng'ambo atakuandikia barua. Utaisahihisha uirudishe, au safari hiyo atasahihisha yeye?"

Ofisi nzima ilicheka. Jafeti naye alicheka, akamaliza chai yake, akaenda darasani. Lakini maneno yale yalikwenda naye. Mwenye lugha ni nani? Nani aliyelala na kamusi kifuani akiwa chuoni? Na mtu aliyekuja kwake na tope kwenye viatu ndiye atakayevuka bahari, na yeye abaki kuhesabu daftari za kidato cha pili.

Wiki hiyohiyo alijiandikisha kufanya mtihani uleule, siku ileile. Mkewe alimwambia anataka kumsindikiza Alois.

"Umeomba chuo gani?" Suma akauliza.

"Kwanza mtihani."

"Baba Gift, mtu anakata tiketi kabla hajajua basi linakwenda wapi?"

Jibu alikuwa nalo, ila halikuwa la kusemwa mbele ya mke.

Juni walifanya jaribio. Kila mmoja aliandika barua moja na insha moja, wakazituma kwa mtandao kwa wasahihishaji wa mbali wasiowajua hata kwa sura. Majibu yalikuja kwenye simu ya Alois. Alois: sita na nusu. Jafeti: sita. Chini ya kazi ya Alois waliandika kwamba anajibu alichoulizwa. Chini ya kazi ya Jafeti waliandika kwamba ana maneno mengi mazuri, ila jibu lenyewe ni vigumu kulipata.

"Wamekosea," Alois akasema kwa haraka. "Watakuwa wamechanganya majina."

"Hawajachanganya," Jafeti akasema. Huruma ile ilimchoma kuliko alama.

Wazee walisema hasidi hana sababu, na hapa sababu haikuwepo kweli. Alois kufaulu kusingempunguzia Jafeti hata tonge moja. Hawakugombea chuo kimoja wala mfadhili mmoja. Hata hivyo, tangu siku hiyo Jafeti alianza kuona mambo ambayo miezi sita hakuyaona. Aliona kwamba buti za Alois zinaacha udongo barazani. Aliona kwamba Suma humpa mgeni kikombe kikubwa. Aliona kwamba mtu yule hucheka kwa sauti, na kwamba matamshi yake yana Kifipa ndani. Hata kumwita Daktari aliacha, akawa anamwita bwana mifugo kama watu wa barabarani. Alois hakujali, maana ndilo jina aliloitwa na nusu ya mkoa.

Ndipo ikafika Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Upepo wa baridi ulikuwa ukivuma tangu asubuhi, na uani Suma alikuwa akipeta ulezi. Swali la siku hiyo lilitaka barua kwa mkuu wa chuo, mzee aliyewahi kumfundisha mwandishi: aombwe ukumbi, aelezwe shughuli ni ya nini, na aahidiwe ukumbi utatunzwa vipi. Mambo matatu.

Alois alipotoa daftari, Jafeti aliona kosa kabla hajavaa miwani sawasawa. Katika barua za maduka na za mabasi Alois alikuwa amejifunza kusema haja yake mara moja, lakini mbele ya mzee aliyemfundisha ulimi wake ulirudi nyumbani. Mistari minane ya kumjulia hali mzee, magoti yake, usingizi wake, na shukrani kwa fimbo za zamani. Ombi lilikuwa katikati ya ukurasa wa pili, na ahadi ya kutunza ukumbi haikuwepo kabisa. Barua kama hiyo ingemshusha palepale alipokuwa amepanda.

Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi tayari. Alois alikuwa anapuliza chai.

"Vipi, Mwalimu? Hii niliiandika kwa moyo."

Jafeti alitazama mstari wa kwanza, akatazama wa nane. Kisha akashuka hadi chini ya ukurasa, akatia alama ya vema, kubwa, na pembeni akaandika: Vizuri sana.

Hakusema uongo kwa kinywa. Watu wengi hujifariji kwa hilo, na faraja hiyo haina thamani. Anayemnyima mwenzake chakula anajulikana na kusemwa. Anayemnyima mwenzake kosa lake, huku akimchekea, hupewa mkono na kuambiwa ahsante. Jafeti aliambiwa ahsante, na alama ile ikakaa.

Bado alikuwa na nafasi ya kuifuta. Katikati ya Septemba walisafiri pamoja kwa basi kwenda Dar es Salaam, kwenye kituo cha mtihani. Njiani Alois alinunua mayai ya kuchemsha, akammenyea mwenzake la kwanza. Walipokuwa wamepita Mbeya, Alois alimgeukia.

"Mwalimu, kuna kitu nimesahau? Chochote. Niambie hapahapa."

Wakati huo neno moja lingetosha.

"Hakuna," Jafeti akasema. "Lala. Safari bado."

Mtihani ukaja na barua kwa mwenye nyumba, mzee mstaafu. Walipotoka nje, Alois alikuwa anang'aa. "Ilikuwa kama ile uliyonipa vema! Nimemsalimia mzee vizuri, nikaingia taratibu." Jafeti alisema wamtangulize Mungu.

Matokeo yalitoka kabla ya Oktoba kufika katikati. Jafeti, ambaye tangu Juni alikuwa amekwisha kupunguza mapambo ya maneno, alipata sita na nusu katika kuandika. Alois alipata sita. Jafeti alisoma namba hizo zizini akiwa ameshika ndoo ya maziwa, na kwa muda alihisi kitu kama raha. Raha ile haikudumu hata kutoka zizini hadi mlangoni.

Jumamosi iliyofuata, saa ileile ya siku zote, pikipiki ikasimama nje. Alois alifuta buti kwenye majani kabla ya kupanda barazani, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya. Alikuwa na daftari mbili. Akazifungua mezani, moja kando ya nyingine.

"Bertilla ndiye aliyeona," akasema. Bertilla ni mkewe, naye ni mwalimu wa shule ya msingi. "Hii ni ya Februari, ile ya dagaa. Hapa umeandika niseme haja yangu mstari wa kwanza, ukapiga na mistari chini. Hii ni ya Agosti. Kosa ni lilelile, hata mtoto wa darasa la nne analiona. Hapa umenipa vema."

Jafeti alivua miwani, akaiweka kando ya daftari.

"Nimemwambia Bertilla labda ulichoka, au macho yalikuwa mabaya siku hiyo. Sema ulichoka, Mwalimu. Nitaamini, na sitarudia kuuliza."

Mlango ulikuwa wazi, na aliyeufungua ni yule aliyekosewa. Jafeti aliona kwamba akipita hapo atabaki na rafiki, na kwamba rafiki huyo atakuwa wa wizi.

"Niliona," akasema.

"Uliliona kosa?"

"Nililiona."

"Ulitaka nafasi yangu?"

"Hapana. Hata chuo sijaomba."

"Basi ulitaka nini?"

Jafeti alinyosha kidole, akaigusa ile alama ya vema. Alois akazifunga daftari.

"Siku ile zizini kwako," akasema taratibu, "niliona kwamba ndama anaweza kufa na lawama ikawa yangu. Sikujifanya sijaona." Akamuaga Suma, akawasha pikipiki.

Kufanya mtihani tena kabla ya mwisho wa Oktoba hakukuwezekana. Chuo kilimwandikia Alois barua fupi, haja yao ikiwa mstari wa kwanza, kwamba nafasi imekwenda kwa mwingine.

Mwaka uliofuata ng'ombe wa Jafeti alizaa kwa shida tena. Suma ndiye aliyempigia Alois simu, na Alois alikuja, kwa sababu ng'ombe hakuwa na kosa. Alifanya kazi yake, akanawa, akaandika dawa kwenye karatasi. Suma alimletea kile kikombe kikubwa.

"Ahsante, shemeji, nimekunywa," akasema, akaondoka. Alimsalimia Jafeti kama anavyomsalimia kila mfugaji wa Chanji.

Cheti cha mtihani ule kinatumika kwa miaka miwili tu. Cha Jafeti kilikwisha muda wake ndani ya kabati, bila kupelekwa popote, kwa kuwa hakikuwa na pa kwenda. Alama ile moja iligharimu masomo ya Alois, ambayo hayajarudi mpaka leo, na urafiki wa Jumamosi alasiri. Ilimgharimu Jafeti pia kanuni yake: bado anasahihisha kila daftari, kosa kwa kosa, lakini siku ya kwanza ya mwaka hasemi tena maneno yale mbele ya darasa.