Andika Kwanza Mgonjwa Amelalaje

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa nimebakiza miaka michache nistaafu uuguzi hapa Dodoma. Mvi nilikuwa nazo, lakini mbele ya mashine ile mpya nilikuwa mtoto, tena mtoto wa majivuno, maana wodi nzima ni mimi peke yangu niliyepelekwa kuisomea.

Mashine yenyewe ni mkanda unaozungushwa kifuani. Unapitisha umeme mdogo ambao mgonjwa hausikii, na kwenye kioo unaona hewa inavyoingia kila pafu. Asubuhi hiyo tulimfunga Mzee Yona, mfugaji wa Chamwino, aliyekuwa na maji upande wa kushoto. Alikuwa ameketi, ameegemea mito. Pafu lake bovu lilikuwa limeanza kupokea hewa, nikampa mkewe, Bibi Tabitha, habari njema. Bibi huyo haoni tangu utotoni; alisoma shule ya wasioona ya Buigiri, na tangu walipofika hakubanduka kando ya kitanda.

Mchana nikapiga picha nyingine. Pafu la kushoto karibu limezimika! Nikamkimbilia daktari, naye akaagiza vifaa vya kumtoboa mzee kifua aweke mrija. Mzee Yona akaniuliza kama ndiyo anakufa. Mimi nikageukia vifaa.

"Sista," akasema Bibi Tabitha, "mbona mume wangu mmemlaza?"

"Bibi, tafadhali, tuna kazi hapa."

"Asubuhi sauti yake ilitoka hapa." Akainua mkono usawa wa uso wake. "Sasa inatoka huku chini, tena amenipa mgongo. Hayo mapafu hayajali mtu amelalaje?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ni mimi niliyemgeuza ubavu wa kulia wakati wa kubadilisha shuka, nikasahau. Mtu akilala hivyo, pafu la chini ndilo huvuta hewa zaidi, na la juu huonekana limezembea. Nilifundishwa hayo, nikayaandika na kwenye daftari! Tukamketisha tena, tukaurudisha mkanda mahali pake, tukangoja atulie. Picha ikawa ileile ya asubuhi. Daktari akavua glavu, na mimi nikaingia stoo nikalia.

Nilipomwomba Bibi Tabitha radhi, akanishika mkono. "Macho mnayo ninyi, Sista. Mimi nilikuwa namsikiliza tu mume wangu."

Basi, mwanangu, wewe unayeanza kazi, kabla hujaitazama picha, mtazame mwenye kifua. Juu kabisa ya karatasi andika: ameketi, amelala chali, au amelala ubavu gani. Picha mbili usizilinganishe kama mgonjwa hakukaa vilevile. Na ndugu wa mgonjwa akikuuliza swali, usimwambie una kazi. Kumjibu ndiyo kazi yenyewe.

Mungu akubariki, mikono yako isimuumize mtu. Macho amekwisha kukupa. Nakuombea na masikio ya Bibi Tabitha.