Godoro Alilolalia Baba Mkwe

Saa mbili asubuhi, Ikupa anafuta godoro la mazoezi kwa dawa, jicho moja likiwa kwenye kitanda cha jirani. Kule, mhudumu mwenzake Monica anapokea mkungu wa ndizi kutoka kwa mgonjwa.

"Umeona?" Ikupa ananong'ona. "Na leo tena!"

Wawili hao wanahudumu katika chumba cha mazoezi ya viungo cha kituo kimoja cha afya wilayani Kyela. Magodoro, mipira na mikanda ya kunyooshea miguu hutumiwa na kila anayeingia. Wakulima wa mpunga wa Ngonga na Bujonde huja na migongo inayouma, wengine na fangasi wa miguuni waliowapata majarubani. Kwa hiyo Ikupa hufuta, kisha husubiri pakauke. Monica, aliyehamia kutoka Tanga, alikuwa anageuza mto tu.

Wagonjwa hawapendi kusubiri. Walimhama Ikupa mmoja mmoja, zawadi zao zikawafuata.

"Wivu ulinishika, sikatai," anasema. "Mchele wa Kyela anapewa mtu wa Tanga, mimi wa hapahapa nanusa tu!"

Mambo yaligeuka siku Asifiwe, mke kijana wa Bujonde, alipoitwa kitandani kwa Monica. Kabla hajapanda, akasikia kwamba aliyeshuka hapo ni Mzee Zebedayo, baba mkwe wake. Kwa mila ya Wanyakyusa, mke wa mwana hakai alipokaa baba mkwe, na wapo wanaoishika mpaka leo. Asifiwe alirudi kinyumenyume, kitenge usoni.

"Silali hapo, dada, mpaka paoshwe!"

Ikupa akadakia, chumba kizima kikisikia: "Basi kila aliyeshuka kitandani mhesabuni ni baba mkwe wenu!"

Watu walicheka, ila neno liliwaingia. Tangu siku hiyo hawapandi godoro lisilofutwa, hata kwa Monica.

Na hilo ndilo linalomchoma Ikupa. Monica naye amelidaka neno hilo, analisema kwa lafudhi yake ya Tanga, na wagonjwa wanacheka mpaka wanashika mbavu.

"Maneno yangu, wali anakula yeye!"

Sasa anapanga kuomba godoro la pili, moja likikauka jingine litumike. Anaamini foleni itarudi kwake.

Bibi mmoja anashuka kwa Monica. "Ndaga fijo, mwanangu," anamshukuru. Monica anafuta godoro, anausahau mpira. Ikupa anasonya, anainuka na kitambaa chake, anaufuta mpaka chini.

"Ndizi ni zake," anasema, "lakini hawa wagonjwa ni shangazi zangu."